Mama aliyeitwa Rose: maisha ya Joséphine wa Malmaison

Huku Luberizi mwezi wa saba njo mwezi wa vumbi. Mvua imekwisha tangu mwezi wa tano, majani ya uwanda wa Ruzizi yamekauka, na usiku upepo unashuka toka milimani na kuingia mu nyumba bila kupiga hodi. Asubuhi watoto wanavaa triko, saa nne wanaivua. Kule Bukavu, karibu meta 1.500 juu, baridi ya kipwa inauma zaidi, na ni wakati huu watu wenye maua ya roza mu lupango wanachukua sekateri na kuanza kukata. Sisi huku chini hatukuwa na desturi hiyo. Lakini mwaka jana tulipandisha gari mpaka mjini na kurudi na miche mitatu ya roza, na tangu siku ile majirani wanatuuliza: haya maua yenu ya wazungu yanaliwa?

Hayaliwi. Na jibu hilo halitoshi. Njo maana tunapenda leo kuwasimulia maisha ya mama mmoja aliyetumia mali nyingi sana kwa kununua maua, kuyalisha na kuyachunga wakati wa baridi, mpaka jina yake likabaki limefungwa na roza hata leo, miaka zaidi ya 200 kiisha kufa kwake. Wengi wanamujua kama bibi wa Napoléon. Tuanze mbele ya Napoléon.

Alizaliwa tarehe 23 mwezi wa sita 1763, ku kisiwa cha Martinique, pale Trois-Îlets. Majina yake yote: Marie Josèphe Rose Tascher de La Pagerie. Nyumbani walimwita Rose, na aliitikia jina hilo mpaka alipopita miaka 30. Baba yake alikuwa na shamba la miwa na kiwanda kidogo cha sukari. Sisi watu wa uwanda tunajua miwa. Tumekua tukiona mashamba ya Kiliba, tunajua namna jani la muwa linakata mkono na namna kiwanda kikisimama, kijiji kizima kinasimama. Lakini miwa ya Martinique ilikuwa na jambo lingine. Iliyolima, iliyokata, iliyosaga na kuchemsha ile sukari ilikuwa mikono ya watumwa, watu waliotolewa hapa Afrika ao waliozaliwa na wale waliotolewa. Rose alikula, alivaa na kucheza kwa jasho yao. Tunaliweka hapa mwanzoni ili msomaji asilisahau tutakapofika ku maua.

Alipokuwa na miaka mitatu, mwaka wa 1766, kimbunga kilibomoa nyumba yao. Familia ikahamia mu jengo la kiwanda, orofani, na kukaa pale miaka mingi. Baba hakuwa mtu wa kumaliza kazi alizoanza. Mtoto alikulia kati ya harufu ya sukari na miti ya maua inayoota bila kuombwa. Wanasema meno yake yaliharibika mapema juu ya kutafuna miwa, na ndiyo maana baadaye alijifunza kucheka na midomo imefungwa.

Ndoa ya kwanza haikuwa yake. Shangazi yake aliyekuwa Ufaransa alitaka kijana Alexandre de Beauharnais aoe mmoja wa mabinti wa ndugu yake. Aliyechaguliwa kwanza alikuwa mdogo wake, Catherine. Huyo akafa, basi Rose akachukuliwa pahali pake. Huku kwetu mambo ya namna hiyo hayashangazi mtu. Mwaka wa 1779 akavuka bahari pamoja na baba yake na mtumishi wake Euphémie, mwanamke aliyezaliwa utumwani mu shamba lile lile, na mwezi wa kumi na mbili akaolewa. Alikuwa na miaka 16. Alizaa Eugène mwaka wa 1781, Hortense mwaka wa 1783. Bwana alimuona mshamba, hakumpenda, akamuacha. Wakatengana mwaka wa 1785. Rose akarudi Martinique 1788, akakaa miaka miwili, akakimbia tena na mtoto wake wakati fujo ya mapinduzi ilipofika mu kisiwa.

Mu Paris mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alexandre alikuwa amepanda sana: alisimamia Baraza la taifa, kiisha akawa jenerali wa jeshi la Rhin. Lakini wakati ule aliyepanda leo, kesho anakatwa kichwa. Alifungwa mwezi wa tatu 1794, na Rose, hata kama walikuwa wametengana, akafungwa naye mwezi uliofuata, mu gereza la Carmes, nyumba ya zamani ya watawa. Kila siku karani alisoma majina. Tarehe 23 mwezi wa saba jina la Alexandre likasomwa, akauawa. Siku nne baadaye Robespierre akaanguka, na mwanzoni mwa mwezi wa nane Rose akatoka mu gereza akiwa mjane wa miaka 31, watoto wawili, bila mali, na woga ambao haukumuacha tena maisha yake yote. Sisi tuliosikia risasi usiku na kuhesabu watu asubuhi hatuhitaji kuelezwa woga ule.

Mwaka uliofuata akajuana na jenerali mdogo toka Corse, mwembamba, maskini, mwenye kusema Kifaransa kibaya. Napoléon Bonaparte alikuwa mdogo kwake miaka sita. Walioana ku serikali tarehe 9 mwezi wa tatu 1796, na mu kitabu cha ndoa wote wawili walidanganya umri: yeye alijipunguzia miaka minne, bwana akajiongezea mwaka mmoja na nusu, wakakutana katikati. Siku mbili baadaye bwana akaenda vita Italia. Ni yeye aliyekataa jina la Rose. Alitaka jina ambalo wanaume wengine hawakulitumia, akalitafuta ndani ya Josèphe, akamwita Joséphine. Mwanamke aliyepoteza jina la ua akaenda kutafuta maua yenyewe; hilo ni wazo letu tu, msomaji alichukue ao aliache.

Tufike sasa Malmaison, sababu hapa njo moyo wa habari.

Mwaka wa 1799 Bonaparte alikuwa Misri. Mu mwezi wa nne Joséphine alinunua nyumba kubwa na mashamba magharibi ya Paris, safari ya saa chache na farasi. Hakuwa na pesa. Bei ilikuwa zaidi ya franka 300.000, na alinunua kwa deni, akitumainia kwamba bwana atarudi hai na atalipa. Bwana alirudi, akakasirika sana, akalipa. Mchezo huo uliendelea miaka kumi na tano: Joséphine ananunua, wauzaji wanaleta karatasi, Napoléon anapiga kelele, kiisha anafungua mfuko. Nguo, kofia, viatu, pete, sanamu. Lakini sehemu kubwa ya mali ilienda ku mimea.

Alianza na kile alichokikumbuka. Mwaka wa 1800 alijengesha nyumba yenye joto, kubwa ya kutosha mananasi 300. Fikiria: mananasi, kitu ambacho huku unakinunua barabarani kwa bei ya sabuni, yeye alikijengea nyumba na kukichomea makaa. Alimuandikia mama yake Martinique amutumie mbegu na miche ya nyumbani. Kiisha, mwaka wa 1805, ikaja nyumba kubwa ya vioo, yenye kupashwa moto na majiko kama kumi na mawili ya makaa. Mu nyumba hiyo, ku nchi ambayo maji ya ndoo yanaganda wakati wa baridi, aliotesha mimea ya Afrika ya Kusini, ya Australia, ya Amerika. Kati ya 1803 na kufa kwake, karibu mimea 200 mipya ilioteshwa Malmaison mara ya kwanza mu Ufaransa. Ndani ya bustani walitembea kangaruu na bata-maji weusi, wale wenye shingo ndefu, walioletwa na safari ya Baudin toka Australia.

Watu wa kazi aliwachagua vizuri. Étienne Ventenat aliandika kitabu juu ya mimea ya bustani ile. Aimé Bonpland, aliyezunguka Amerika ya Kusini miaka mitano pamoja na Humboldt, akawa msimamizi kuanzia 1808. Na mchoraji wake alikuwa Pierre-Joseph Redouté, mzaliwa wa Saint-Hubert mu milima ya Ardennes, pahali ambapo leo ni Ubelgiji. Ndiyo, mnoko wetu wa zamani alikuwa na mkono hata mu jambo hili.

Basi roza. Wakati ule, roza nyingi za Ulaya zilitoa maua mara moja tu kwa mwaka, mu mwezi wa sita hivi, majuma machache, halafu basi, majani matupu mpaka mwaka mwingine. Toka China zilikuwa zimeanza kufika roza za namna nyingine, ndogo, nyembamba, zinazoogopa baridi, lakini zenye kutoa maua tena na tena. Aliyekuwa nazo alikuwa na kitu ambacho jirani hana. Na wauzaji wakubwa wa mimea hiyo walikuwa London, kwa Lee na Kennedy, pale Hammersmith.

London! Ufaransa na Uingereza walikuwa mu vita. Walipumzika kidogo toka 1802 mpaka 1803, kiisha wakarudilia. Mwaka wa 1806 Napoléon mwenyewe alitoa amri ya kufunga Ulaya yote: hakuna meli, hakuna bidhaa, hakuna barua ya biashara na Waingereza. Na bibi yake alikuwa anaagiza roza kwa Waingereza hao hao. Kennedy alipata karatasi ya kupita mupaka, akaja mpaka Malmaison kupanga bustani, akarudi. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1810, roza moja ya China, yenye harufu kama majani ya chai, ilipitishwa kwa mapatano kati ya wakubwa wa bahari wa pande zote mbili. Mizinga inaelekezana, na katikati kinapita chungu chenye mche.

Sisi tunaokaa karibu na mto Ruzizi tunasoma habari hiyo na tunacheka kidogo, kicheko kisicho cha furaha. Ku barabara yetu, kati ya Kamanyola na Uvira, tumekwisha kuona miti ya mihogo ya kupanda ikishushwa toka gari na kukaa juani mpaka inakauka, juu ya barrière moja haielewane na ingine. Mche haujui vita; ukikosa maji siku tatu unakufa, awe wa malkia ao wa mulimaji. Tofauti ni nani ameuagiza. Wa Joséphine walipita. Tuseme pia neno zuri juu yake: hakufungia mimea ile peke yake. Mbegu na miche ilitoka Malmaison kwenda mu bustani za miji mingine ya Ufaransa na kwa waoteshaji, na njo hivi ilienea.

Alikuwa na roza aina ngapi? Watu wanapenda kutaja 250, wengine wanashuka kidogo chini ya 200. Hesabu hizo zilitengenezwa na watu waliokuja nyuma yake sana. Na yule anayefikiri kulikuwa uwanja mmoja mkubwa umejaa roza kama wanavyoonyesha leo, ajue kwamba mingi ilikaa mu vyungu. Sababu yake ni baridi, na hapa tunaomba msomaji asiyependa udongo atuvumilie.

Kule kwao mti wa roza unalala. Majani yanaanguka mwezi wa kumi na moja, maji ya mti yanashuka, na mpaka mwezi wa pili hakuna kinachoota. Wakati wa usingizi huo njo wakati wa kununua na kupanda: mche unang'olewa bila udongo, mizizi wazi, unafungwa mu majani makavu yenye unyevu, unaweza kusafiri siku nyingi bila kufa. Ndiyo maana roza ziliweza kuvuka bahari ya vita. Mizizi ya mti unaolala inachelewa kujua kwamba imetoka nyumbani. Roza za China hazilali vizuri, kwa hiyo ziliwekwa mu chungu na kuingizwa ndani karibu na moto. Zile za Ulaya zilibakia inje na kurundikiwa udongo ao mbolea ya farasi iliyooza ku shina.

Kukata nako kuna akili yake. Roza ya zamani, ile ya mara moja kwa mwaka, inatoa maua ku matawi ya mwaka uliopita. Ukiikata wakati wa baridi, umekata maua yako yote kwa mkono wako. Inakatwa kiisha maua kuisha. Roza yenye kurudilia inatoa maua ku tawi jipya, kwa hiyo hiyo inakatwa mwisho wa baridi, mbele macho ya mti hayajafumbuka. Kisu kikali, kata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho linaloangalia inje, ili tawi jipya lisiingie katikati na kuzuia hewa. Kwanza toa yaliyokufa, kiisha yanayosuguana, kiisha yale membamba kama kalamu ya mtoto. Mambo hayo hayajabadilika sana tangu bustani ya Malmaison mpaka lupango za Nyawera.

Lakini huku kwetu mti wa roza haulali kamili. Hakuna baridi ya kuulaza. Kuna kipwa tu, kiu. Makosa yetu yalianzia hapo. Ile miche mitatu tuliyoleta toka Bukavu tulipanda mu mwezi wa saba, juu ya kufuata kitabu cha Ulaya kilichosema pandeni wakati wa baridi. Mbolea tuliyoweka ilikuwa ya ng'ombe, ya jana yake, bado moto. Wa kwanza ukakauka juma la pili. Wa pili ukaungua mizizi. Tulipoung'oa ilikuwa myeusi kama imepikwa. Wa tatu ulikuwa umesahauliwa karibu na pahali mama wa nyumba anamwaga maji ya kuosha sahani, bila mbolea yoyote, na huo ndio unaoishi. Sasa tunajua: kwetu uwandani, panda mvua inaporudi, mwezi wa kumi; mbolea ikae miezi mitatu minne kwanza mpaka inuke udongo; na kata mwisho wa mwezi wa nane ao mwanzo wa tisa, ili matawi mapya yakutane na mvua ya kwanza. Kata mwezi wa saba kama watu wa mjini, na mti wako utatoa machipukizi laini mbele ya jua kali bila maji ya kuyalisha.

Turudi kwa mama wetu, sababu maisha yake hayakuwa maua tu.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1804, mu kanisa la Notre-Dame ya Paris, Napoléon alijivika taji kisha akamvika Joséphine. Akawa malkia mkuu. Miaka miwili mbele ya hapo, mwezi wa tano 1802, bwana yake alikuwa amesimamisha sheria iliyolinda utumwa mu visiwa, wakati Jamhuri ilikuwa imeufuta mwaka wa 1794. Martinique haikuwahi kuonja uhuru huo, sababu Waingereza waliishika miaka ile. Watumwa wa mama yake Joséphine walibakia watumwa. Je, ni yeye aliyemwomba bwana yake arudishe utumwa? Watu wa Martinique wengi wanaamini hivyo. Wanahistoria wengi wanasema Napoléon alikuwa na washauri na wafanyabiashara wa sukari wa kutosha, na hakuwa mtu wa kumsikiliza bibi yake mu mambo ya serikali. Sisi tunaona hivi: hata kama hakusema neno, mali ya familia yake ilikaa juu ya migongo ya watu, na hatujaona pahali popote alipojaribu kuwatoa. Alijua kila mche wake kwa jina. Majina ya waliokata miwa ya baba yake hayakuandikwa mu kitabu cha picha.

Kilichomwangusha ni tumbo. Alikuwa na watoto wawili wa ndoa ya kwanza, lakini Napoléon hakupata mtoto kwake. Mfalme bila mtoto ni mfalme nusu, na ndugu za bwana, waliomchukia tangu zamani, walimwambia kila siku. Huku kwetu tunajua mikutano ya familia ya namna hiyo, wakwe wanakaa ku viti na mwanamke anasubiri nyuma ya mlango. Tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1809, mbele ya familia ya kifalme, ndoa ilivunjwa. Joséphine alianza kusoma karatasi yake, sauti ikakatika, mtu mwingine akamalizia. Napoléon akamuoa Marie-Louise wa Austria mwaka wa 1810, na 1811 akapata mtoto mwanaume.

Joséphine aliachiwa cheo chake, mshahara wa mamilioni, na Malmaison. Wengine wangefunga madirisha. Yeye akaongeza mimea. Miaka hiyo minne ya mwisho njo miaka ya roza zaidi, na Bonpland aliendelea kusimamia mimea yake. Wageni walilalamika kwamba anawazungusha saa nzima kuwaonyesha majani ambayo majina yake ya Kilatini hakuna anayeyakumbuka isipokuwa yeye.

Mwaka wa 1814 Napoléon akashindwa, akapelekwa ku kisiwa cha Elba. Majeshi ya wafalme yakaingia Paris, na Tsar Alexandre wa Urusi akataka kumuona mwanamke huyo wa bustani. Joséphine, mwenye kuogopa juu ya watoto wake watakachokuwa, akajipamba, akavaa nguo nyepesi ya majira ya kwanza ya joto, akamtembeza mgeni inje jioni. Akapata baridi, ikashuka mu kifua. Alikufa tarehe 29 mwezi wa tano 1814, siku ya Pentekoste, mbele ya kufikisha miaka 51. Alizikwa mu kanisa la Rueil, karibu na nyumbani. Juma chache tena na roza zake zingefunguka.

Madeni aliyoacha yalikuwa mamilioni ya franka. Watoto wakaanza kuuza: picha, sanamu, mimea. Eugène akafa 1824, na mwaka wa 1828 Malmaison yenyewe ikauzwa. Bonpland alikuwa amekwisha kusafiri tena kwenda Amerika ya Kusini, ambapo Paraguay ilimshika mateka miaka karibu kumi. Redouté njo aliyebaki na kazi. Kati ya 1817 na 1824 alitoa kitabu chake cha roza, karatasi kwa karatasi, na ni picha hizo, zaidi ya bustani, zilizofanya jina la Joséphine lisitoke mu roza. Yeye mwenyewe hakuona hata moja ikitoka mu chapa.

Uzao wake ulipanda pahali ambapo wa Napoléon haukufika. Binti wa Eugène, aliyeitwa Joséphine kama bibi yake, akawa malkia wa Sweden; toka huko akatoka Astrid, malkia wa Wabelgiji; na mtoto wa Astrid ni Baudouin, yule aliyesimama Léopoldville tarehe 30 mwezi wa sita 1960 kutangaza uhuru wetu. Dada yake alibeba jina Joséphine-Charlotte. Kwa hiyo mtoto wa miwa ya Martinique alikuwa mu chumba siku ile, ndani ya damu ya mfalme, akimsikiliza Lumumba.

Ku Martinique, mu mji wa Fort-de-France, walimsimamishia sanamu ya jiwe nyeupe mwaka wa 1859. Mwaka wa 1991 watu walikuja usiku wakaikata kichwa, wakaimwagia rangi nyekundu. Serikali ya mji haikurudisha kichwa, na sanamu ikakaa vile karibu miaka 30, malkia bila kichwa kati ya miti. Mwezi wa saba 2020 waandamanaji wakaiangusha kabisa. Wengine walilia juu ya historia, wengine walisema historia njo hiyo.

Mwaka wa 1843, mwoteshaji mmoja wa Lyon, Jean Béluze, alipata roza mpya, nyeupe yenye wekundu kidogo ndani, kubwa, yenye maua tena na tena. Leo inauzwa duniani pote kwa jina Souvenir de la Malmaison. Ina kasoro moja inayojulikana: mvua ikiipiga, ua halifunguke, linaoza likiwa bado ngumi. Mu Bukavu, kwa mvua ile ya miezi tisa, ingeteseka. Lakini huku uwandani, kipwa ni kavu na ndoo ya maji ya sahani inatosha mti mmoja. Mwezi wa nane tutaukata ule mche wetu wa tatu, na mvua ikirudi tutapanda mti huo wa Béluze karibu naye, kama tutaupata, kwa mbolea ya zamani safari hii.